Popo Ndani ya Nyumba: Jiulize Kwanza, Ndipo Ufungue Dirisha

Popo aliyeingia sebuleni hana haja na mtu. Mara nyingi amefuata wadudu waliozunguka taa, au ni popo mchanga aliyeanza kuruka juzi, akakosea tundu la kutokea darini. Ukimpa njia iliyo wazi, kwa kawaida hutoka mwenyewe ndani ya dakika 15 au 20. Kumtoa basi si kazi kubwa. Kazi ni kuamua kama unaweza kumwachia aende, na uamuzi huo hufanywa kabla dirisha halijaguswa, maana popo akishatoka hakuna wa kumrudisha.

Swali ni hili: kuna uwezekano wowote kwamba popo huyu amemgusa mtu au mnyama wa nyumbani? Jibu likiwa hapana, mfungulie. Likiwa ndiyo, au "sina hakika", mfungie chumba hicho na umkamate akiwa mzima, kwa sababu maabara ikipata ubongo wake inaweza kusema kama alikuwa na kichaa cha mbwa au la.

Nani huhesabiwa kuwa ameguswa

Aliyeumwa au kuparuzwa anajijua. Wanaosahaulika ni wengine: aliyemshika popo kwa mkono mtupu ili amtoe, aliyeamka na kumkuta popo chumbani alimolala, mtoto mdogo aliyekuwa peke yake na popo, mlevi, mgonjwa asiyejitambua, au mtu asiyeweza kujieleza. Meno ya popo mla wadudu ni madogo kama ncha ya sindano. Kidonda chake kinaweza kuwa chini ya milimita moja, bila damu, na asubuhi usikione hata ukikitafuta. Kwa hiyo "nimejikagua, sijaona alama" si jibu la kutegemea. Aliyelala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, popo akiwa nje ya chandarua, ana sababu nzuri ya kujibu hapana.

Hofu hii isipitilize. Popo wengi hawana ugonjwa huo, na popo anayeruka vizuri gizani hana nia ya kuuma. Lakini kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili huua karibu kila mgonjwa, na ndugu wa kirusi hicho wamepatikana kwa popo katika mabara mbalimbali: kirusi cha Duvenhage kilijulikana Afrika Kusini mwaka 1970, cha popo wa Australia mwaka 1996, na huko Marekani popo ndio chanzo kikuu cha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa.

Dakika ya kwanza

Toa watoto, mbwa na paka chumbani. Paka hasa, kwa kuwa atamrukia popo, na hapo utakuwa na matatizo mawili. Funga milango ya kwenda vyumba vingine na usukumie taulo lililokunjwa chini ya kila mlango. Popo mdogo hupenya mwanya wa sentimita moja na kidogo. Zima feni ya dari na usubiri isimame kabisa, kwani bawa la popo ni ngozi nyembamba juu ya mifupa kama njiti, na feni humvunja kwa pigo moja. Mtu mmoja abaki ndani akimfuatilia kwa macho. Asiyefuatiliwa hupotea, na kumtafuta popo aliyejificha huchosha kuliko kazi nyingine yote.

Usisimame katikati ya chumba. Popo akizunguka ndani hushuka chini anapopita katikati, kisha hupanda anapokaribia ukuta. Anayesimama katikati huona kama anavamiwa usoni, anaanza kupunga mikono, na popo anachanganyikiwa zaidi. Kaa chini, au egemea ukuta ulio mbali na dirisha.

Kumtoa akiwa anaruka

Fungua kila dirisha na mlango wa chumba hicho unaotazama nje, wazi kabisa. Ondoa wavu wa mbu. Kuna watu hukaa nusu saa wakishangaa popo hatoki, kumbe wavu bado upo. Pazia likusanywe pembeni na kufungwa kwa kamba, la sivyo atalifanya mahali pa kujishikiza. Kama dirisha hufunguka juu na chini, fungua sehemu ya juu pia, kwa kuwa anapofika ukutani ndipo anapokuwa juu.

Zima taa kali ya chumbani. Acha mwanga hafifu tu wa kukuwezesha kumwona: tochi iliyolazwa sakafuni ikielekea ukutani inatosha. Zima na taa ya nje iliyo karibu na dirisha. Mwanga mkali ndani humfanya atafute pa kujificha badala ya kutoka, tena huvuta wadudu zaidi, jambo linaloweza kumleta popo wa pili. Giza kabisa nalo halifai, kwa sababu ni lazima umwone akitoka. Anayesema "nadhani ametoka" hulala bila amani.

Kisha nyamaza na usubiri. Usimkimbize kwa taulo, ufagio wala raketi. Ukimpiga, mfupa wa bawa huvunjika, ataanguka na kuanza kujitetea kwa meno. Na ukimponda kichwa umeharibu sehemu pekee ambayo maabara inaihitaji. Dawa ya kuua wadudu usiipulize kabisa. Haimwondoi, humdhoofisha tu, akaja kuanguka mahali ambapo mtoto atamwokota.

Mvua kubwa au baridi kali ikiwa nje, anaweza kukataa kutoka hata kila kitu kikiwa wazi. Hapo ni heri kungoja atue.

Akitua

Popo akichoka hutua kwenye pazia, pembe ya juu ya ukuta, au nyuma ya kabati. Andaa vitu vitatu. Cha kwanza ni glavu nene za ngozi za kazi. Za mpira mwembamba za hospitali hazizuii meno, wala za uzi. Cha pili ni kopo au bakuli la plastiki lenye mdomo wa sentimita 12 hadi 15, likiwa la kuonekana ndani ni bora zaidi. Cha tatu ni kadibodi ngumu, pana kuliko mdomo wa kopo. Karatasi laini hupinda katikati, bawa likatokeza, na hapo ndipo watu huumwa.

Sogea taratibu, mfunike kwa kopo mpaka ukingo ukae sawasawa ukutani, kisha penyeza kadibodi kati ya ukuta na kopo, sentimita moja baada ya nyingine. Popo amejishikiza kwa kucha za miguu. Mpe nafasi ya kuinua mguu kila unapomfikia. Ukiharakisha, utambana vidole. Kadibodi ikishafunika mdomo wote, ishike ikiwa imebana kwa kiganja kizima na utoke nje. Hata ukiwa na glavu, mkono hushika kopo. Popo mwenyewe hashikwi.

Kwenye pazia kuna hila rahisi. Usihangaike kumnasua, shusha pazia lote kwa utulivu na ulipeleke nje pamoja naye, ulitundike kwenye tawi au kamba, uondoke.

Akiwa juu sana, mita tatu au zaidi, usipande kiti juu ya meza huku mkono mmoja una kopo. Ngazi kuanguka ni hatari ya hakika kuliko popo. Acha madirisha wazi na ungoje ahame.

Popo wa matunda, mwenye macho makubwa na uso unaofanana na wa mbwa, huingia mara chache. Utaratibu ni uleule, ila kopo dogo halimtoshi na taya zake zina nguvu. Tumia taulo zito lililokunjwa mara mbili kumfunika, kisha mwingize pamoja na taulo hilo ndani ya kasha la kadibodi.

Akikutwa mchana, au akiwa sakafuni

Usimtupe nje juani. Popo aliyetolewa mchana hunyakuliwa na ndege au huangukia mahali penye mbwa. Mweke kwenye kasha lenye ukubwa kama wa viatu, ulilotoboa matundu yasiyozidi milimita 5, ndani ukiwa umening'iniza kitambaa cha kujishikiza kisicho na nyuzi zinazochomoka. Weka kizibo cha chupa chenye maji kidogo. Maji mengi humlowesha. Usimpe maziwa, matunda wala nyama. Funga kwa utepe, liweke mahali pa giza na utulivu, mbali na wanyama, hadi jua lizame.

Jioni, lilaze kasha kwa ubavu juu ya ukuta au egemeza kwenye shina la mti, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, kisha fungua mdomo wake. Sababu ya urefu ni kwamba aina nyingi hupata shida kuruka kutoka chini. Huhitaji kuanguka kidogo ndipo mabawa yashike hewa. Wala usimrushe juu. Anaweza kutetemeka dakika kadhaa akijipasha joto kabla ya kuruka, na hilo ni la kawaida.

Asiporuka ndani ya saa moja, ana bawa lililoning'inia, au ameng'atwa na paka, anahitaji daktari wa mifugo au watu wanaotunza wanyamapori. Popo anayetambaa hadharani mchana, asiyekimbia akikaribiwa, achukuliwe kuwa mgonjwa: mfunike kwa ndoo, weka jiwe juu, na upige simu kwa idara ya mifugo au afya. Watoto waambiwe jambo moja tu: popo aliye chini haguswi, hata akionekana amekufa.

Amepotea chumbani

Amini kwamba bado yumo hadi uthibitishe vinginevyo. Tafuta kwa tochi kuanzia juu: mikunjo ya pazia hasa karibu na fimbo yake, nyuma ya picha na saa za ukutani, juu ya kabati na nyuma yake, ndani ya makoti yaliyotundikwa, nyuma ya friji, ndani ya viatu na buti. Usiingize mkono usipoona. Usipompata, funga chumba, lala kwingine, na kesho jua likizama rudi uzime taa, ufungue madirisha. Njaa na kiu vitamtoa mafichoni wakati uleule ambao popo wote hutoka.

Kama ameuma, au huna hakika

Osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, si kwa kukadiria. Baadaye paka dawa ya ayodini kama ipo. Usikifunge kwa kubana wala kukipaka mafuta, majivu au kitu kingine. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na utamke neno "popo" waziwazi, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huweka mguso wa moja kwa moja na popo katika daraja la 3, la juu kabisa. Daraja hilo humaanisha chanjo pamoja na kinga ya haraka, yaani imunoglobulini, inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Mhudumu akisikia "nimeumwa na kidudu", utapewa huduma ya kidudu.

Chanjo huanza siku ya kwanza, inayoandikwa siku ya 0, kisha siku ya 3 na ya 7. Ratiba nyingine huongeza dozi ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Aliyewahi kumaliza chanjo hiyo huhitaji dozi chache na hapewi imunoglobulini, hivyo kadi ya zamani ni ya kwenda nayo. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi 2 au 3, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au kukawia hadi mwaka. Ndiyo maana aliyechelewa siku tano asikae nyumbani akisema muda umepita.

Popo uliyemkamata aende kupimwa akiwa ndani ya kopo lililofungwa. Akiwa amekufa, mchukue kwa glavu, mtie ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na umweke kwenye ubaridi, si kwenye barafu kali: akigandishwa vipimo hucheleweshwa na ubongo unaweza kuharibika. Mahali ambapo kipimo hakipatikani, chanjo haingoji popo wala majibu.

Mbwa au paka aliyemdaka popo apelekwe kwa daktari wa mifugo na kadi yake ya chanjo, hata kama hana jeraha.

Aliingiaje?

Popo mmoja mara moja kwa mwaka ni bahati mbaya, amepita dirishani. Wawili watatu ndani ya mwezi ni dalili kwamba kuna kundi darini. Angalia chini ya upenu: mavi ya popo yanafanana na ya panya, lakini ukiyabonyeza kwa kijiti hupukutika kuwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometa, wakati ya panya yakikauka huwa magumu. Kwenye tundu wanalopitia huwa na alama ya kahawia yenye mafuta, iliyotokana na manyoya kusugua ukuta. Kisha kaeni watu wawili nje, kila mmoja kwenye pembe inayomwonyesha pande mbili za nyumba, tangu jua linapozama kwa saa moja, mhesabu wanaotoka na tundu wanalotokea.

Kosa kubwa hapa, tena la kila mara, ni kuziba tundu popo wakiwa ndani. Wanakufa darini na kunuka wiki kadhaa, au wanatafuta njia nyingine na kuangukia vyumbani, na tatizo la popo mmoja linakuwa la popo kumi. Kuziba usiku wakiwa wameondoka nako si salama, kwa kuwa hawatoki wote kwa pamoja, na wenye watoto huwaacha ndani. Popo wachanga hawaruki hadi wafikishe wiki 3 hadi 6. Katika nchi zenye majira ya baridi upande wa kaskazini, kipindi cha kuepuka ni Mei hadi Agosti. Katika nchi za joto, aina nyingi huzaa mvua zikikaribia au zikinyesha, na nyingine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo sikiliza badala ya kutegemea kalenda: popo wakubwa wakishatoka jioni na bado unasikia milio darini, kuna watoto wao. Ngoja. Nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, zinamlinda popo na makazi yake kisheria, hivyo uliza kabla ya kuanza.

Wakati ukifaa, ziba matundu yote mengine kwanza, uache lile kuu. Kipimo cha mkono ni kidole kidogo: panapoingia kidole, popo anapita, mwanya mrefu wa milimita 6 nao uzibwe. Kagua mabati yanapokutana na ukuta, kwani migongo ya bati huacha vijitundu mfululizo, kisha mapito ya mabomba, matofali ya hewa, dohani, na mlango wa kupandia darini. Tumia saruji, silikoni, au wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 au madogo zaidi. Povu la kuzibia nyufa peke yake hutafunwa na panya.

Kwenye tundu kuu weka njia ya kutokea tu. Ya kwanza ni wavu laini wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita 4, uliopigiliwa juu na pembeni, ukaachwa wazi chini, ukining'inia sentimita 45 hadi 60 chini ya tundu. Popo anatoka kwa kutambaa kushuka. Akirudi anatua penye tundu lake la zamani na kukuta wavu. Ya pili, kwa ukuta usio laini, ni bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 25, ndani laini, likiinama kidogo kuelekea nje. Wavu wenye matundu makubwa huwanasa mabawa. Bomba lililoinama kuelekea ndani halisaidii kitu. Acha siku 5 hadi 7 zisizo na mvua, rudia kuhesabu jioni, na kama hakuna anayetoka, ondoa kifaa na uzibe.

Vidonge vya kufukuzia nondo, mashine za sauti isiyosikika na taa inayowaka darini usiku kucha ni pesa iliyotupwa. Popo huhamia kona nyingine ya paa hilohilo.

Kusafisha

Mavi makavu hayafagiliwi. Katika vumbi lake huweza kuwamo mbegu za kuvu linaloitwa Histoplasma, ambalo likivutwa puani huleta homa na kikohozi kati ya siku ya 3 na ya 17. Vaa barakoa ya daraja la N95 iliyokaa vizuri usoni, glavu na nguo za mikono mirefu. Nyunyiza maji taratibu mpaka rundo lilowe, kwani mpira wa maji wenye kasi hurusha vumbi, kisha likusanye kwa sepetu ndogo ndani ya mifuko miwili. Sehemu iliyobaki ifute kwa dawa ya klorini ya nyumbani, kipimo 1 kwa maji vipimo 9, uache dakika 10. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Rundo la viganja vichache unaweza kulimaliza mwenyewe. Dari lenye tabaka nene ni la mafundi wenye vifaa vya kupumulia, na mwenye kinga dhaifu ya mwili asiwepo nyumbani siku hiyo. Nguo za kazi zivuliwe nje na kufuliwa peke yake.